7C, 5C, 3C au 1½C: mausipisi ipi ikufae kwenye tarumbeta

Karibu kila tarumbeta jipya la mwanafunzi huja na mausipisi moja, kile kipande cha kupulizia kinachogusa midomo, ndani ya boksi, na mara nyingi ni ya saizi ya 7C, au 11B4 kama chombo ni Yamaha. Mtu anaanza nayo, anajifunzia nayo skeli, anaingia nayo bendi ya kanisa au ya harusi, na inafika siku anajiuliza kama kweli inamfaa au anaitumia kwa kuwa ndiyo aliyoikuta. Swali ni zuri, ila majibu anayopewa na wenzake mara nyingi hayamsaidii. Huyu anamwambia anunue kubwa ili sauti inenepe, yule anamwambia anunue yenye kikombe kifupi, yaani shimo la ndani lisilo na kina kirefu, ili afike sauti za juu, na wote wawili hawajamuuliza anapiga muziki gani, anapiga kwa saa ngapi, na midomo yake inachoka wapi.

Hapa nalinganisha saizi nne za kampuni ya Bach, kwa sababu ndizo ambazo hata watengenezaji wengine huzitumia kama kipimo cha kulinganishia, pamoja na zile fupi zinazosifiwa kwa sauti za juu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wapigaji wengi wa bendi zetu za matarumbeta waliochoka na 7C waende 5C au 3C, basi. 1½C ni ya watu wachache wenye kazi ya aina yake. Mausipisi fupi ni chombo cha kazi moja, na anayeinunua kabla hajaijua kazi hiyo anaharibu sauti yake na fedha yake.

Namba na herufi

Vincent Bach alikuwa mpiga tarumbeta kutoka Austria aliyehamia Marekani, akaanza kutengeneza mausipisi jijini New York mwaka 1918. Mfumo wake wa majina ndio uliotapakaa. Namba inataja upana wa kikombe, na inakwenda kinyumenyume: 1 ni pana, 10 ni nyembamba. Herufi inataja kina: A ni kirefu, C ni cha wastani, E ni kifupi. Isiyo na herufi, yaani 7 tupu, ina kikombe kirefu kuliko 7C.

Yamaha wamegeuza mambo. Kwao namba ikipanda, upana unapanda. A ndiyo fupi na E ndiyo ndefu. Tarakimu ya mwisho inaeleza umbo la ukingo, yaani duara linalogusa midomo. Schilke, watengenezaji wengine wa Marekani, nao wanafuata mpangilio wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua A", mwulize kwanza A ya nani, maana kwa mmoja utapata sauti nzito na kwa mwingine utapata sauti kali inayochoma.

Sasa tazama vipimo vya Bach wenyewe. Upana wa ndani wa 7C ni milimita 16.20. Wa 5C ni 16.25. Wa 3C ni 16.30. Wa 1½C ni 17.00. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1, maana yake kati ya 7C na 3C upana umeongezeka kwa unene wa karatasi moja tu. Kutoka 3C kwenda 1½C ni karatasi saba. Watu wanaongea kana kwamba ngazi hizi zinalingana, na hazilingani hata kidogo. Ngazi mbili za kwanza ni ndogo sana kwa upana, na ya mwisho ni ndefu.

Lakini mwambie aliyehama kutoka 7C kwenda 3C kwamba tofauti ni karatasi moja, atakukatalia. Anaisikia mdomoni tangu pumzi ya kwanza, na yuko sahihi. Anachokisikia ni makali ya ukingo na ujazo wa kikombe, vitu ambavyo namba peke yake haivitaji.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea: usilinganishe milimita za mtengenezaji mmoja na za mwingine. Kwenye orodha zao Yamaha wanaipa 11B4 upana wa milimita 16.46, na bado mausipisi hiyo inahesabiwa kuwa ndugu wa 7C yenye 16.20. Kikombe hupungua upana kadiri unavyoshuka ndani, na watengenezaji hawakubaliani wapimie kwenye kina gani. Anayepima karibu na ukingo hupata namba kubwa kuliko anayepima chini kidogo. 14B4 yao, yenye 16.88, watu huiweka sambamba na 3C kwa sababu hiyohiyo.

7C na 3C zikikaa pamoja

Zichukue zote mbili, funga macho, pitisha ncha ya kidole polepole kwenye mzunguko wa ndani wa ukingo, pale ukingo unapoingia kwenye kikombe. Kwenye 7C utakutana na kona. Imesimama, unaihisi wazi. Kwenye 3C kona ipo lakini imelainishwa, kidole kinateleza kuingia ndani.

Kona ya 7C ina faida yake, na ndiyo maana haijafa miaka yote hii. Inaushika mdomo mahali pamoja, noti inaanza kwa usafi, na mwanafunzi anajua mdomo wake uko wapi. Kwa mtoto anayeanza, ambaye bado hajui midomo yake inatetemeka wapi, huo ni msaada. Ubaya wake unajitokeza mtu anapochoka. Midomo ikichoka, mkono wa kushoto unaanza kuvuta tarumbeta kuja usoni, hiyo ndiyo tabia ya binadamu, na hapo kona inakata. Damu inazuiwa, midomo inakufa ganzi, noti za juu zinapotea, na mpigaji anazidi kukandamiza.

Fikiria harusi ya Dar es Salaam. Bendi imepanda nyuma ya pikapu kutoka kanisani, inapiga barabara nzima, inashuka ukumbini inapiga maharusi wanapoingia, inapiga tena wakati wa zawadi. Hakuna kipande chenye mapumziko marefu. Wimbo ukiisha unaunganishwa na mwingine. Mpigaji wa sauti ya kwanza mwenye 7C akimaliza kazi hiyo, mtazame mdomo wa juu. Ukiona mduara mwekundu uliofifia, ni kawaida. Ukiona mstari mwembamba uliozama ndani ya mduara huo, na bado haujaondoka nusu saa baadaye, ukingo unamkata, na mtu huyo ana sababu halali ya kutafuta mausipisi nyingine. Na jambo hili nalisema kwa kila anayepiga juu ya gari: likifika kwenye tuta au shimo, toa chombo mdomoni. Tuta moja linaweza kukuvunja jino, na hakuna ukingo wa aina yoyote utakaokuokoa.

Upande wa sauti, 7C hutoa sauti angavu, iliyokusanyika, inayosikika mbali. 3C hutoa sauti pana zaidi na yenye mwili katikati. Tofauti hii utaisikia vizuri kwenye bendi za kanisa kuliko kwenye harusi. Makanisa ya Kilutheri na Kimoravian ya Tanzania yana matarumbeta kwa urithi wa wamisionari wa Kijerumani, na mtindo wao ni kupiga tenzi kwa sauti nne, polepole, zikiungana na kusanyiko linaloimba. Pale sauti ya kwanza ikiwa nyembamba na kali, inachomoza juu ya trombone na kuuacha wimbo umegawanyika. 3C inazama ndani ya wenzake. Nimewahi kusimama nyuma ya kanisa wakati wapigaji wawili wa sauti ya kwanza walipohama kwenda 3C, na besi ilisikika vizuri kuliko kabla, ingawa mpiga besi hakubadilisha kitu.

Gharama ya 3C ni pumzi. Kikombe chake kina ujazo mkubwa zaidi, kwa hiyo midomo inafanya kazi zaidi kukijaza, na anayepumua kifuani juujuu atagundua upungufu wake ndani ya wimbo mmoja. Vilevile noti za juu zitashuka kidogo mtu akichoka. 7C inamficha mpigaji mvivu wa pumzi, 3C haimfichi.

5C, inayopitwa bila kutazamwa

Sielewi kwa nini 5C hainunuliwi zaidi. Watu wanaruka kutoka 7C kwenda 3C kwa sababu 3C ndiyo yenye jina, na katikati yao kuna mausipisi yenye ukingo ulioviringwa vizuri, sauti hai, na kikombe ambacho hakimdai mpigaji pumzi nyingi kupita kiasi. Kwa mtu anayepiga harusi kila Jumamosi na ibada kila Jumapili, na ambaye shida yake hasa ni maumivu ya ukingo, si unene wa sauti, 5C inatatua shida yake bila kumzulia nyingine.

Namna ninavyomsaidia mtu kuchagua kati ya hizi mbili ni kumsikiliza anapiga C ya kati kwa sauti ndogo, muda mrefu, kwa mausipisi yake ya sasa. Kama noti imejaa na haina upepo unaovuja pembeni, ila mtu analalamika mdomo unauma, nampa 5C. Kama noti ni nyembamba hata anapopumua vizuri, na midomo yake inaonekana kubanwa ndani ya mzunguko, nampa 3C. Yule anayepiga sauti ya pili au ya tatu, anayeishi chini ya mistari ya noti muda mwingi, nampa 3C bila mjadala mrefu.

Na unene wa midomo? Hapa kwetu wengi wameambiwa kwamba midomo minene inataka mausipisi kubwa, na mizito zaidi inataka trombone. Nimewaona wenye midomo minene wakipiga 7C kwa raha, na wenye midomo myembamba wasioweza kuitumia. Kinachoamua ni kiasi cha nyama kinachoingia ndani ya kikombe, na hicho kinategemea meno yalivyopangika na jinsi mtu anavyokusanya midomo kabla ya kupuliza. Usimhukumu mwanafunzi kwa kumtazama usoni. Mpe apige.

1½C na kazi yake

Mausipisi kubwa zimepata sifa kutoka orkestra za Marekani, na zaidi ya zote Chicago, ambako Adolph Herseth alikuwa mpiga tarumbeta mkuu wa Chicago Symphony Orchestra tangu 1948 hadi 2001. Alipiga mausipisi kubwa, sauti yake ilikuwa kubwa na safi, na vizazi vya wapigaji vikamfuata. Ukisikia sauti ya namna hiyo utaitamani, na mimi naitamani.

Ila mpiga tarumbeta wa orkestra hupiga mistari michache, kisha anahesabu baa, yaani vipimo vya muziki, arobaini, hamsini, sitini za kimya huku fidla zikiendelea. Midomo inapumzika, damu inarudi. Mpiga matarumbeta wa harusi hana baa hata nne. Zile karatasi saba za upana zinaongeza nyama inayotetemeka, na nyama hiyo inachoka. Nikiona kijana wa bendi ya harusi amenunua 1½C, najua kwamba saa ya kwanza atasifiwa na saa ya pili atakuwa anapiga oktavu ya chini.

Kwa anayepiga Nairobi Orchestra, au anayejiandaa kusomea muziki wa orkestra nje, 1½C ni chaguo la kweli na ni vizuri aianze mapema akiwa na mwalimu. Kwa solo fupi kanisani pia inapendeza. Kwa gwaride la polisi au la jeshi, ambako mtu anatembea huku anapiga machi mfululizo, ningebaki na 3C.

Zile fupi

Schilke 14A4a ndiyo inayotajwa zaidi: kikombe kifupi, sauti angavu inayokata. Imekusudiwa mpigaji wa sauti ya kwanza kwenye bendi kubwa za jazz, anayekaa juu ya mistari wimbo baada ya wimbo. Kwenye muziki wa dansi ina nafasi yake pia. Bendi kama Msondo Ngoma na Mlimani Park ziliyapa matarumbeta na saksofoni kazi ya kujibizana na waimbaji na magitaa kwa vipande vifupi vyenye makali, na hapo sauti iliyochongoka inasaidia kupenya.

Lakini kikombe kifupi hakikuongezei noti ambayo huna. Kama leo C ya juu unaifikia kwa kukandamiza, kwa mausipisi fupi utaifikia kwa kukandamiza vilevile, ikiwa angavu zaidi. Inachofanya ni kumpunguzia kazi mtu ambaye tayari anaifikia. Na ina adhabu zake. Noti za chini zinakuwa nyembamba na kupanda juu ya wenzako. Halafu kuna jambo la midomo kugusa sakafu ya kikombe. Jipime hivi: anza G ya katikati ya mistari kwa sauti ndogo kabisa, ongeza nguvu taratibu. Kama mahali fulani sauti inakatika ghafla huku pumzi bado inatoka, midomo imefika chini na imezuiwa kutetemeka. Mausipisi hiyo si yako, hata ukiipenda namna gani.

Jambo jingine: siku hizi karibu kila ukumbi una maikrofoni. Kazi ya kupenya ambayo zamani ilifanywa na kikombe kifupi sasa inafanywa na fundi mitambo. Anayepiga na maikrofoni mbele yake anaweza kubaki na 5C na akasikika vizuri.

Kwa mkato

| | Upana (mm) | Ukingo wa ndani | Sauti | Nampa nani |
|---|---|---|---|---|
| 7C | 16.20 | una kona | angavu, imekusanyika | anayeanza, asiyelalamika |
| 5C | 16.25 | umeviringwa | hai, ya kati | wa harusi na ibada, mwenye maumivu ya ukingo |
| 3C | 16.30 | umelainika | pana, ina mwili | bendi ya kanisa; sauti ya pili na ya tatu; mwenye pumzi |
| 1½C | 17.00 | wa wastani | kubwa, nzito | wa orkestra |

Chuma au plastiki

Hili halihitaji maneno mengi. Mausipisi ya kawaida ni shaba ya njano iliyopakwa fedha. Iliyopakwa dhahabu inateleza zaidi na inawafaa ambao ngozi yao inakataa fedha, ila ni ghali. Ile ambayo mipako imebanduka kwenye ukingo hadi shaba ya njano inaonekana, usiipige. Inawasha midomo na inaacha ukijani. Za plastiki ni rahisi kwa bei, nyepesi, na hazina baridi, jambo ambalo mtu wa Makete au Njombe akipiga alfajiri ya mwezi Juni atalishukuru. Sauti yake imefifia kidogo ukilinganisha na chuma cha saizi ileile. Kama unataka kujua tu kwamba upana na ukingo wa 3C unakufaa kabla hujatoa fedha nyingi, nunua ya plastiki kwanza, ijaribu, kisha amua.

Kabla hujalipa

Soko limejaa mausipisi zilizogongwa "7C" au "3C" ambazo hazina uhusiano wowote na vipimo vya Bach. Herufi hizo kila mtu anaruhusiwa kuzigonga. Ukiweza, nenda na mausipisi unayoijua, uzilinganishe mkono kwa mkono.

Pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote. Ukikwama mahali, kuna mkwaruzo au mbonyeo, na mdomo wako utaukuta. Kisha angalia koo, lile tundu dogo chini ya kikombe. Koo la kawaida la Bach ni milimita 3.66. Kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi kuna ncha za keekee; chukua ya milimita 3.5 na ya 4, uingize upande laini usio na meno, polepole, bila kusukuma. Ya 3.5 ipite, ya 4 ikatae. Ya 4 ikipita, mtu ameshalitoboa koo hilo, na pumzi yako itaishia humo bila kurudisha kitu. Ya 3.5 ikikataa, sauti itabanwa.

Halafu mkia, ile sehemu inayoingia kwenye chombo. Uingize kwenye tarumbeta bila kuukaza, ujaribu kuutikisa kushoto na kulia. Usitikisike. Uingie kama sentimita mbili na nusu na ukae. Ukicheza, ama ncha yake imebonyea kwa kuangushwa, ama si mkia wa tarumbeta. Hili la pili linatokea mara nyingi kwenye makanisa yaliyopokea vyombo vya msaada kutoka Ulaya, ambako sanduku moja linakuja na tarumbeta pamoja na ndugu zake koneti na flugelhoni, na mausipisi zake zimechanganyika. Mkia wa koneti ni mwembamba na mfupi. Ukiuingiza kwenye tarumbeta unazama na kuyumba. Wapigaji wa Jeshi la Wokovu nchini Kenya, ambao wengi wanapiga koneti, wanalijua hili vizuri. Kuna waliozungushia mkia karatasi ya sigara ili ukae. Kwa jaribio la dakika kumi sawa, kwa ibada hapana, kwa sababu sauti itakuwa imepotoka popote utakapoitafuta.

Ikitokea mausipisi imekwama, usishike koleo wala plaizi. Bomba la kuingilia mausipisi ni laini kuliko unavyodhani, na linapinda mara moja. Mtafute fundi au bendi yenye kifaa cha kutolea.

Kuizoea

Usianze mausipisi mpya katikati ya msimu. Kwa wanaopiga harusi za Kikristo, Kwaresima ndiyo nafasi yenyewe: harusi zimesimama, mazoezi yapo, na Pasaka inakupa tarehe ya kuwa tayari. Mmoravian anayetakiwa makaburini alfajiri ya Pasaka ana karibu wiki sita, na zinatosha.

Wapo walimu wanaosema zipige zote mbili kwa zamu ili mdomo uhame taratibu. Mimi sikubaliani. Mdomo unajifunza mahali pa kukaa, na ukiuonyesha mahali pawili kila siku haujifunzi popote. Chagua, kisha ile ya zamani ifungie kabatini. Isipokuwa kama una kazi umeshaahidi. Hapo piga kazi na ile ya zamani, kisha kesho yake rudi kwenye mpya.

Siku za mwanzo piga kidogo. Noti ndefu, sauti ndogo, kuanzia G ya katikati ya mistari kushuka chini, na kila unapopiga pumzika kwa muda uleule uliopiga. Weka kioo mbele yako. Kwa 3C, na zaidi kwa 1½C, utaona ukingo unataka kukaa juu kidogo au chini kidogo kuliko ulivyozoea. Uachie ujitafutie mahali. Usiulazimishe kukaa kwenye alama ya zamani.

Noti za juu zitapungua. Hii inawatisha watu, nao wanairudisha mausipisi dukani wiki ya kwanza. Kijana mmoja ninayemfundisha, mpigaji mzuri wa sauti ya kwanza, alipohamia 3C alipata C ya kati nene na nzuri siku ileile, kisha G ya juu ya mistari ikamtoroka. Ilikuwa inaanza vizuri na kupasuka ikiwa njiani. Tulikaa chini ya mistari tu, tukipanda nusu hatua kila noti iliyo chini yake ilipokuwa imetulia. G ilirudi, na iliporudi ilikuwa pana kuliko ile ya 7C. Sikumpa zoezi lolote la sauti za juu kipindi hicho, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia.

Kutyuni nako kunabadilika. Kikombe chenye ujazo mkubwa hushusha sauti kidogo, hivyo bomba la kutyunia utalisukuma ndani zaidi kuliko ulivyozoea. Kwa kikombe kifupi utalivuta nje. Tumia programu ya kutyunia ya simu, lakini usitazame noti moja tu. Piga C ya kati, G, kisha C ya juu, uone zinavyoachana. Kama chini iko sawa na juu imeshuka, pumzi bado haijakijaza kikombe. Usilisukume bomba kurekebisha hilo, maana utaharibu chini ili kuokoa juu. Rudi kwenye noti ndefu.

Pia angalia ule mduara mdomoni baada ya mazoezi. Ukiwa unafifia haraka kuliko ulivyokuwa na 7C, unakwenda vizuri hata kama noti za juu bado hazijakamilika. Ukiwa unazidi, mkono wa kushoto bado unavuta. Jaribu kushika tarumbeta kwa vidole viwili tu vya kushoto unapopiga sauti ndogo. Hutaweza kuvuta hata ukitaka.

Pasaka ikifika, na umepiga karibu kila siku kwa kiasi, lakini bado midomo inavimba asubuhi, au G ya juu bado inapasuka, au mwisho wa ibada sauti imeshuka kiasi cha wenzako kukugeukia, basi rudi hatua moja tu: kutoka 1½C kwenda 3C, kutoka 3C kwenda 5C. Usikimbilie tena 7C, kwa sababu ile kona iliyokukata bado ipo palepale. Na hiyo uliyoiacha ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi ndogo, kikombe na mfereji wa nyuma, umpe anayepiga sauti ya tatu aijaribu.